Viti Vinavyobaki

Shangazi Tunu hukodisha viti Tandika,
mia nne vya plastiki, nusu vyeupe, nusu vya buluu,
na mimi huhesabu vinavyorudi,
vilivyopasuka mguu, vilivyogandwa na mchuzi.
Mchana niko Mlimani, ghorofa ya pili,
chumba cha feni moja inayolalamika,
nikimhesabia Dokta Mrutu atomu.

Kazi yenyewe ni hii, mtu akiniuliza:
tuna uso wa aloi, shaba na dhahabu, nusu kwa nusu
(si dhahabu ya kuvaa, ni ya kompyuta,
nukta za njano kwenye kioo),
na juu yake tunanyesha molekuli za miguu miwili.
Kila moja huanguka popote, bila hodi.
Ikikuta shaba mbili zilizopakana, zote tupu, inanata.
Ikikosa, inarudi hewani ilikotoka.
Iliyonata haihami. Hakuna wa kuiambia
sogea kidogo, mwenzio akae.

Juzi nilizipanga kama ubao wa drafti,
ule wa vizibo vya soda pale kijiweni:
shaba, dhahabu, shaba, dhahabu,
kwenda kulia, kushuka chini.
Nikanyesha usiku kucha. Haikunata hata moja.
Kila shaba imezungukwa na dhahabu pande zote nne,
mguu mmoja unakanyaga, wa pili unaning'inia.

Nikazipanga kwa mistari,
kama matuta ya mchicha bonde la Msimbazi.
Zikajaa! Katika kila shaba mia
zilibaki tupu kumi na tatu, kumi na nne hivi,
moja moja, kila moja
imebanwa na jozi mbili zilizokwisha kukaa.
Nikazimwaga ovyo, kama choroko sinia limeponyoka:
vishada huku, ukame kule,
zikanata, lakini si kama za matuta.
Na shaba ni ileile. Haikuongezeka punje.

Jumamosi, ukumbi wa Chang'ombe,
binti wa Bi Havijawa anaolewa.
Kijana wa mapambo, Abeli, akataka
cheupe, buluu, cheupe, buluu,
"ipendeze kwenye video."
Nikanyamaza. Binadamu hajali rangi ya kiti.
Kumbe kuna sare: ndugu wa bwana vyeupe, wa bibi buluu,
na mshereheshaji kashika kipaza sauti,
kila mtu kwenye rangi yake, tafadhali, rangi yake!
Jozi zikaingia, zikazunguka, zikarudi mlangoni.
Dada wawili wa Mbagala, wameshikana vidole,
wakakataa kutenganishwa na kiti cha buluu.
Viti mia nne, watu wamesimama.

"Wewe msomi," Shangazi akaninong'oneza kwa hasira,
"hivi vitu si ndivyo unavyovisomea?"
Nikasema: mistari, Shangazi. Safu nyeupe, safu ya buluu.
Dakika kumi, jasho, kelele za plastiki kwenye saruji.
Wakakaa kama maji yanavyokaa mtungini.

Nilihesabu mapengo. Siwezi kujizuia.
Kumi na tisa, kimoja kimoja,
juu yake pochi, kanga iliyokunjwa, chupa ya maji.
Nikaandika kiganjani.

Pilau ilipokwisha kupakuliwa akaja Bi Zuwena,
mara ya kwanza tangu arobaini ya Mshamu wake.
Walikuwa wakiingia pamoja, yeye mbele,
mumewe nyuma na bahasha ya kutunza.
Alisimama, akatazama safu ya tano,
akaenda moja kwa moja,
akaondoa pochi ya mtu, akampa mkononi, akakaa.
Hakuomba asogezewe.
Nikatia mate kidole, nikafuta tisa. Nikaandika nane.

Jumatatu Dokta Mrutu, macho kwenye kioo,
akauliza kama inafaa tuongeze
molekuli za mguu mmoja, za kuziba yale matundu,
au huko ni kujitungia.

Nikamwambia zipo.
Huwa zinachelewa.